Nasser Al Qasabi, Mchekeshaji wa Riyadh

Nasser Al Qasabi ni mwigizaji wa Saudi Arabia ambaye tangu mwaka 1993 amekuwa akiingia sebuleni mwa Wasaudia karibu kila Ramadhani, muda ule ambao sahani za futari bado hazijaondolewa. Mkenya aliyekua na Mzee Ojwang wa Vitimbi, au Mtanzania aliyecheka na Mzee Majuto wa Tanga, anamjua mwigizaji wa namna hii: watu humwona kama jamaa yao, humwita kwa jina la mhusika, na husimuliana kesho yake alichokisema jana. Ila Ojwang na Majuto hawakuwahi kutolewa fatwa kwa ajili ya vichekesho vyao. Al Qasabi alitolewa, na baadaye akatishiwa kukatwa kichwa, naye hakuacha kazi.

Alizaliwa Riyadh mwaka 1961, katika mji uliokuwa bado hauna televisheni. Matangazo ya televisheni ya taifa yalianza mwaka 1965, Riyadh na Jeddah, kwa amri ya Mfalme Faisal, na hayakuanza kwa amani. Wapo walioona kuwa picha za watu kwenye kioo ni haramu, na mwana mmoja wa ukoo wa kifalme, Khalid bin Musaid, aliuawa na askari baada ya kuongoza upinzani dhidi ya kituo cha Riyadh. Miaka kumi baadaye, Machi 1975, ndugu yake Faisal bin Musaid alimpiga risasi Mfalme Faisal na kumuua, na wengi walikihusisha kitendo chake na kisasi cha ndugu yule. Chombo ambacho Al Qasabi angekuja kukifanya uwanja wake kilikuwa kimeshamwaga damu kabla yeye hajaanza shule.

Jeddah ilikuwa na hali nyingine. Mji huo wa bandari, ambao mahujaji wa pwani ya Afrika Mashariki wameujua kwa vizazi kama lango la kuingilia Makka, ulizoea wageni na mambo yao. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu walikodi mashine na mikanda ya filamu mtaa wa Bab Sharif, wakatazama filamu za Kimisri uani, wamekaa chini au kwenye viti vya kukunja. Hazikuwa kumbi rasmi, lakini palikuwa na watazamaji na biashara ilikwenda. Mambo yaligeuka mwaka 1979, pale kundi la waasi la Juhayman al-Otaybi lilipouteka Msikiti Mtakatifu wa Makka kwa wiki mbili. Dola ililivunja kundi hilo, kisha ikawaachia wanazuoni wenye msimamo mkali nafasi kubwa zaidi katika maisha ya kila siku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sinema zote zilikuwa zimefungwa.

Kijana wa Riyadh aliyetaka kuigiza wakati huo hakuwa na ukumbi wa sinema wala chuo cha sanaa za maigizo. Al Qasabi aliingia Chuo Kikuu cha Mfalme Saud kusomea kilimo, na huko huko akaingia katika kikundi cha maigizo cha chuo. Humo ndimo alimopatana na Abdullah Al-Sadhan, naye mwanafunzi wa kilimo. Walipanda jukwaani pamoja, kwa watazamaji wanaume watupu, na mchezo wa kuchekesha wa Taht al-Karasi ukawajulisha kwa watu wa mji. Jukwaa la chuo liliwafundisha jambo ambalo kamera isingewafundisha: kusikia kicheko kinapoanzia ukumbini na kujua wakati wa kukiachia kikue.

Mwaka 1993 wawili hao walianza Tash Ma Tash katika televisheni ya taifa. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Kila siku ya Ramadhani kilirushwa kipindi kimoja kinachojitegemea, chenye kisa chake na wahusika wake, na mara nyingi Al Qasabi na Al-Sadhan ndio waliocheza nafasi kubwa. Leo ni makarani wavivu wa wizara, kesho ni Mabedui waliopotea mjini, keshokutwa ni wazee wa mtaa wanaogombania posa. Al Qasabi ana uso unaobadilika upesi, na sikio kali la lafudhi. Msaudia wa Qasim, wa Hijazi au wa kusini alimsikia akisema kama jirani yake hasa. Waigizaji wa kike wa Kisaudia walikuwa wachache, kwa hiyo nafasi nyingi za wanawake zilichezwa na waigizaji wa nchi jirani.

Vichekesho hivyo viligusa mambo ambayo watu walikuwa wakiyasema majumbani kwa sauti ya chini: hospitali zenye foleni zisizokwisha, kazi zinazopatikana kwa kujuana, walimu wasiojua wanachofundisha, jinsi wafanyakazi wa kigeni wanavyotendewa na waajiri wao. Viliwagusa pia polisi wa maadili ya dini waliozunguka madukani kuhimiza sala na kuwatenga wanaume na wanawake. Kipindi kimoja kiliwaonyesha wanawake ambao wanaume wao wamesafiri, nao wanashindwa kufanya hata shughuli ndogo kabisa kwa kukosa maharimu wa kuwasindikiza. Mashambulizi ya Al-Qaeda mjini Riyadh ya Mei 2003 yalipokwisha kutikisa nchi, Tash iliwageukia magaidi wenyewe na kuonyesha chuo cha kuwafunza walipuaji kikiendeshwa kama mashindano ya kuimba ya televisheni. Mipaka nayo ilikuwepo na watazamaji waliijua. Waziri asiyetajwa jina aliweza kuchekwa. Familia ya kifalme haikuguswa.

Mwaka 2000 Kamati ya Kudumu ya Utafiti na Fatwa, chombo cha juu cha wanazuoni wa nchi, ilitoa fatwa ya kuharamisha kuitengeneza na kuitazama Tash Ma Tash, kwa hoja kwamba inaidhihaki dini na watu wake. Katika nchi ambayo fatwa ya kamati hiyo ina uzito wa serikali, ungetarajia mchezo kufungwa wiki hiyo hiyo. Haukufungwa. Ramadhani iliyofuata ulirudi hewani, na mitaa ikatulia baada ya magharibi kama ilivyokuwa mwaka uliotangulia. Wakati huo ndio wa ujasiri mkubwa zaidi katika maisha ya kazi ya Al Qasabi, kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua upepo utaelekea wapi, na vitisho vya kuuawa vilimfuata yeye na wenzake hadi majumbani.

Ndani ya nyumba yake palikuwa na mtu mwingine aliyezoea vita hivyo. Mkewe, Badriya Al-Bishr, mzaliwa wa Riyadh, ni mwandishi wa riwaya na makala za magazeti ambaye naye alishambuliwa kwa maandishi yake. Aliandika kitabu kizima juu ya mapambano ya Tash Ma Tash, akichunguza ile fikra inayoona uharamu kila mahali. Si kawaida kwa mchekeshaji kuchambuliwa kwa kina namna hiyo na mtu anayekula naye mezani, na kitabu hicho kimebaki chanzo kizuri kwa anayetaka kuelewa hasira ya miaka ile ilitoka wapi.

Katikati ya miaka ya 2000 Tash ilihama televisheni ya taifa na kwenda MBC, kampuni ya Kisaudia iliyoanzishwa London mwaka 1991 na kuhamia Dubai mwaka 2002. Kuanzia hapo ilitazamwa kwa setilaiti kutoka Morocco hadi Oman, na ulimi wake ukazidi kuwa mkali. Mwaka 2010 kipindi kimoja kilimwonyesha mwanamke mwenye waume wanne, akiwagawia zamu kama afanyavyo mume wa wake wanne. Kingine cha mwaka huo kiliwaonyesha Wasaudia wawili wanaogundua kuwa mjomba wao, upande wa mama, ni Mkristo wa Lebanon, nao wanaishia kumpenda. Vyote viwili vilizua maneno makali misikitini na magazetini. Mwaka 2011, baada ya misimu 18, Tash ilisimama, na kila mmoja wa wale marafiki wawili akashika njia yake.

Katika miaka hiyo yote sinema ilibaki mlango uliofungwa. Desemba 2008 filamu ya kuchekesha ya Menahi, iliyoigizwa na Fayez al-Malki, ilionyeshwa hadharani Jeddah na Taif, jambo lililokuwa halijatokea kwa karibu miaka thelathini. Ilipofika Riyadh mwaka uliofuata, wanawake hawakuruhusiwa kuingia, na wapinzani walikuja mlangoni kuwazuia watu. Julai 2009 tamasha la filamu la Jeddah lilifutwa wageni wakiwa wameshaanza kufika. Ndiyo maana kipaji cha Al Qasabi kinapimwa kwa televisheni, na ni makosa kumwona kama mwigizaji aliyeshindwa kufika kwenye filamu. Televisheni ya Ramadhani ndiyo iliyokuwa sinema, jukwaa na baraza la mtaa la nchi hiyo kwa pamoja.

Mwaka 2012 aliketi kwenye meza ya majaji wa Arabs Got Talent, pamoja na mwimbaji Najwa Karam wa Lebanon, na mwaka uliofuata aliigiza katika tamthilia ya Abu al-Malayin na Abdulhussain Abdulredha, gwiji wa vichekesho wa Kuwait. Kazi hizo zilimwongezea umaarufu, lakini hazikumwongezea mengi kama msanii.

Kilichomrudisha katikati ya mjadala ni Selfie, mchezo wa televisheni wa mwaka 2015 ulioandikwa na mwandishi wa safu za magazeti Khalaf al-Harbi. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani ya mwaka ule, kundi la Dola ya Kiislamu lilikuwa limelipua misikiti ya Mashia huko Qatif na Dammam, na mamia ya vijana wa Kisaudia walikuwa wameshavuka kwenda Syria. Al Qasabi alicheza baba anayemfuata mwanawe huko. Ili amkaribie, anajifanya amejiunga na kundi, anaapa, anabeba bendera, anashuhudia wanawake wakiuzwa na wanyonge wakichinjwa. Anapogunduliwa, mwana ndiye anayekabidhiwa kisu amchinje baba yake. Watu waliokaa kungoja vichekesho walijikuta wakilia. Mwigizaji yule yule aliyezoeleka kwa macho ya kuzungushazungusha alisimama pale akiwa mzazi mtupu, na ni vigumu kutaja kazi nyingine ya televisheni ya Kiarabu ya miaka ile iliyoeleza msiba wa familia hizo kwa uwazi kama huo. Wafuasi wa kundi walijibu mtandaoni kwa kuahidi kumkata kichwa. Alijibu kwamba mwigizaji hana budi kusema kweli, hata akilipa kwa uhai wake.

Baada ya hapo nchi yenyewe ilianza kubadilika kwa kasi. Aprili 2016 polisi wa maadili walinyang'anywa uwezo wa kukamata watu. Desemba 2017 marufuku ya sinema iliondolewa, na tarehe 18 Aprili 2018 ukumbi wa kwanza ulifunguliwa Riyadh, katika mtaa wa fedha wa Mfalme Abdullah, kwa filamu ya Black Panther. Katika filamu hiyo walikuwamo Lupita Nyong'o wa Kenya na Daniel Kaluuya, Mwingereza aliyezaliwa London na wazazi kutoka Uganda. Jeddah ilipata ukumbi wake Januari 2019, na Desemba 2021 tamasha la kimataifa la filamu la Bahari ya Shamu lilifanyika Al-Balad, kati ya nyumba kongwe za mji huo.

Mwezi mmoja tu baada ya ufunguzi ule wa Riyadh, MBC ilirusha Al-Asouf. Mwandishi wake, Abdulrahman al-Wabli, alikuwa ameshafariki mwaka 2016 bila kuiona ikirushwa. Ni tamthilia ya familia ya Riyadh katika miaka ya 1970, na Al Qasabi anacheza Khalid Al-Tayyan, mwana anayebeba mzigo wa nyumba. Kwenye vipindi vya mwanzo mtoto mchanga anaokotwa mlangoni pa msikiti, na mapenzi ya siri yanaonyeshwa waziwazi. Wengi walikasirika wakisema mababu zao wamesingiziwa. Msimu wa pili, mwaka 2019, ulionyesha kutekwa kwa Msikiti wa Makka. Tukio lililokuwa halizungumzwi kwa miongo minne liliigizwa saa ya futari.

Hapa pana swali ambalo mashabiki wake wa kweli hawalikwepi. Mwaka 2000 Al Qasabi alikwenda kinyume na mkondo. Mwaka 2019 hadithi aliyoisimulia, kwamba nchi ilikuwa na uhuru kabla ya 1979 na ikapotoshwa na wenye siasa kali, ilikuwa pia hadithi ya serikali. Kusema jambo wakati wakubwa wanalitaka lisemwe ni rahisi kuliko kulisema wanapolikataza. Hata hivyo yeye hakuhama alipokuwa amesimama, ila dola ndiyo iliyomsogelea. Mwaka 2020 katika Makhraj 7, mchezo uliopewa jina la njia ya kutokea kwenye barabara kuu ya Riyadh, kijana wa mhusika wake anafanya urafiki na Mwisraeli kupitia michezo ya mtandaoni, na mhusika mwingine anatetea biashara na Israel. Safari hiyo hasira ilitoka kwa Wapalestina na watetezi wao kote Uarabuni, na haikuwa bila sababu.

Ramadhani ya 2023 Al Qasabi na Al-Sadhan walisimama tena pamoja mbele ya kamera, nywele zikiwa na mvi, kwa msimu wa 19 wa Tash Ma Tash. Vijana waliozaliwa baada ya fatwa ya 2000 walitazama kwa udadisi, wazazi wao kwa shauku. Miaka miwili baadaye tamthilia iliyovuma kwenye MBC ilikuwa Shari' al-A'sha, inayohusu wasichana wa mtaa mmoja wa Riyadh katika miaka ya 1970, iliyotokana na riwaya ya Badriya Al-Bishr, na nafasi za wasichana hao zilichezwa na waigizaji wa kike wa Kisaudia.