Fahamu: Panya buku hufundishwaje kunusa mabomu?
Aprili 2025, panya buku aitwaye Ronin aliweka rekodi ya dunia: mabomu 109 ya kutegwa ardhini aliyoyagundua Kambodia. Mafunzo aliyapata Morogoro, kwa APOPO, shirika lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine.

Mwalimu hubonyeza kidude, tik, kisha humpa panya ndizi. Hatimaye mlio wenyewe humchangamsha, kama mbwa wa mwanasayansi Ivan Pavlov walivyodondokwa mate kabla ya kula. Kazi ngumu ni inayofuata, ya mbinu ya mwanasaikolojia B. F. Skinner: tik haiji mpaka panya anuse kilipuzi cha TNT na kuonyesha mahali kilipo. Akikosea hapati kitu, wala hachapwi (walimu wa viboko, mpo?).

Nawe simu ikilia, mkono huwahi mfukoni kabla hujafikiri. Umefundishwa vivyo hivyo, ila ndizi hupewi.