Kuujua Udongo Kabla ya Kufyeka na Kabla ya Kujenga

Mtu akitaka kununua mbuzi humtazama meno, humshika mgongo, humtembeza kidogo. Lakini mtu huyu huyu akitaka shamba jipya hutazama majani ya juu tu, akiona yamestawi hufyeka. Baada ya mavuno mawili mahindi yawa mafupi na ya manjano, naye asema shamba limerogwa. Shamba halikurogwa. Yeye hakuutazama udongo.

Katika nchi ya Kalemie, tangu kandokando ya ziwa mpaka njia ya reli iendayo Nyunzu na Kabalo, udongo si wa namna moja. Katika mwendo wa saa moja kwa miguu waweza kupita mchanga, udongo mwekundu, mawe na tope jeusi. Yafaa kila mtu ayajue haya, na zaidi wale waliotoka kwenye machimbo ya dhahabu au ya kasiteriti wakarudi kulima. Hao wamezoea kuchimba, walakini hutafuta kilicho chini, na kile cha juu hukitupa.

Basi kwanza, chimba shimo. Lichimbe mpaka likufike kiunoni, tena ukate upande mmoja wima kama ukuta, upate kuona vizuri. Juu kabisa utaona udongo wa rangi nyeusi kidogo, wenye mizizi mingi. Huo ndio ulioshika chakula cha mimea. Mara nyingi unene wake haupiti shibiri moja. Chini yake rangi hubadilika. Ikiwa ni nyekundu au ya kahawia mpaka chini, maji hupita vizuri. Ikiwa ni ya kijivu yenye madoadoa mekundu, jua ya kuwa wakati wa mvua maji hutuama hapo, hata kama leo ni kiangazi na pamekauka kabisa. Ukikutana na mawe magumu mekundu yenye chuma kabla ya kufika magotini, mizizi ya mihogo haitapita.

Halafu chukua konzi ya udongo, utie maji kidogo, uukande kama unga. Ukikataa kushikamana, ni mchanga. Ukiweza kuuviringa mrefu kama kamba lakini ukakatika ukiupinda, umechanganyika, nao ndio unaopendwa na mazao mengi. Ukiweza kuupinda kama pete usipasuke, ni mfinyanzi. Ukitaka kuhakikisha, tia udongo katika chupa ya kioo pamoja na maji, utikise sana, uiweke chini. Mchanga hushuka upesi, kabla hujamaliza kuvuta tumbako. Mfinyanzi hukawia, hata kesho yake maji huwa bado na rangi.

Sasa tuseme habari ya udongo mwekundu, maana ndio mwingi kwetu, na ndio uwadanganyao watu wengi. Ni wa kina kirefu, walimika kwa urahisi, na msitu ulio juu yake ni mkubwa. Mtu hufikiri, Miti mikubwa namna hii, lazima ardhi ni tajiri. Sivyo. Mvua ya miaka maelfu imeosha chokaa na chumvi nyingine zilizo chakula cha mimea, ikazipeleka mitoni. Mfinyanzi uliobaki hauna nguvu ya kushika chakula kingi, tena una ukali. Utajiri wa mahali hapo umo katika miti yenyewe na katika ile shibiri moja ya juu. Ukikata na kuchoma, majivu hupunguza ukali na kulisha shamba mwaka mmoja, miwili, labda mitatu. Ndiyo sababu mahindi ya mwaka wa kwanza hukufurahisha na ya mwaka wa nne hukuhuzunisha.

Wazee walijua. Walilima miaka michache, wakamalizia na mihogo inayovumilia ukali wa udongo, wakaliacha shamba lirudi kuwa mwitu miaka mingi. Lakini leo watu ni wengi, makaa ya kupikia yatakiwa mjini na machimboni, na pori halipati nafasi ya kukua. Basi ukirudi katika shamba lililopumzika miaka mitatu tu, usitazamie mavuno ya baba yako. Panda karanga au maharagwe baada ya mahindi, kwa kuwa mizizi yake hurudisha nguvu kidogo. Usichome mabua na magugu, yatandaze juu ya ardhi. Majivu ya jikoni usiyatupe njiani, yapeleke shambani. Kwenye mteremko lima matuta ya kukingama, kamwe yasifuate mteremko, la sivyo mvua ya Novemba itaichukua ile shibiri moja, na haitarudi katika maisha yako wala ya mwanao.

Udongo wa mchanga ulio karibu na ziwa hauna chakula kingi, na maji hupita upesi. Walakini karanga huupenda, maana ua lake likiisha kunyauka, kikonyo chake hujiingiza ardhini, na kwenye mfinyanzi mgumu hakiwezi. Tena wakati wa kung'oa hazibaki chini. Viazi vitamu vyafaa pia.

Kando ya Lukuga na ya mito midogo kuna udongo ulioletwa na maji. Huo ni mzuri kupita mingine yote: mahindi, mboga, migomba, hata pamba, ambayo wakati wa Wabelgiji watu waliamriwa kuilima watake wasitake. Ubaya wake ni mafuriko. Bondeni kunakotuama maji, penye tope jeusi linalopasuka wakati wa jua, panda mpunga, na usihangaike na mihogo, itaoza.

Usisahau kichuguu. Mchwa hupandisha mfinyanzi kutoka chini, na mara nyingi chokaa pia. Tumbako, maboga na mboga hustawi juu yake hata pale ambapo shamba lote ni dhaifu. Na matofali ya kuchoma ya Katanga yote, tangu zamani, mengi yametoka katika vichuguu. Matofali yakipasuka yakikauka, mfinyanzi umezidi, changanya mchanga.

Kwa malisho, tumia yale mahali uliyoona mawe mekundu karibu: jembe halifai pale, lakini nyasi zaota. Peleka mbuzi na kondoo, uwahamishe kabla nyasi hazijaliwa mpaka shinani. Habari ya ng'ombe si ya udongo peke yake. Katika nchi ya chini, yenye miti mingi, mbung'o huwaua. Ndiyo maana ng'ombe walifugwa juu, katika milima ya Marungu kule Pepa, penye baridi na nyasi fupi.

Milima yenye mteremko mkali, na msitu ulio kando ya vijito, iachie wanyama. Tunasema hivi si kwa kuwapenda sokwe kuliko watu. Udongo wa huko ni mwembamba juu ya mwamba, na miti ndiyo inayoushika. Ukifyeka, wewe utavuna mara moja, na walio bondeni watapata mawe mashambani mwao na kijito kitakachokauka mwezi wa Agosti. Mlima Kabobo, upande wa kaskazini wa Kalemie, ulifanywa hifadhi mwaka 2016, na vijiji vilivyo chini yake hunywa maji yanayotoka katika msitu ule.

Sasa neno juu ya machimbo. Mchimbaji akifungua shimo, hutupa udongo wa juu kwanza, kisha hurundika juu yake ule mwekundu na mawe ya chini. Akiisha kuondoka, pale hapaoti kitu, kwa kuwa chakula kimezikwa. Kama shimo liko katika shamba lako au la ukoo wako, wewe una haki ya kuwaambia: ule udongo mweusi wa juu uparuliwe na kuwekwa kando peke yake, shimo likiisha, mawe yarudi kwanza, na udongo mweusi uje juu. Ni kazi ya siku chache. Bila hivyo umeuza shamba la wajukuu kwa fedha ya mwezi mmoja. Tena pale dhahabu inaposafishwa kwa zebaki, usilime mpunga chini ya mto huo wala usichimbe bwawa la samaki. Zebaki hukaa ndani ya tope, huingia katika samaki, na huharibu akili ya mtoto tangu tumboni mwa mama yake. Moshi wake ni mbaya vilevile, usichomwe karibu na nyumba.

Habari ya kujenga. Usijenge juu ya tope jeusi linalopasuka. Wakati wa mvua huvimba, wakati wa jua hunywea, na ukuta hufuata, hata ukiwa wa saruji ya Kabimba. Udongo mwekundu wa kina, mahali palipoinuka kidogo, ndio bora kwa msingi. Usijenge mahali kijito kinapotoka mlimani na kutandaza mawe: mawe yale hayakutembea yenyewe. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe kando ya ziwa Kivu, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifunikwa na maji na mawe siku moja, wakafa watu zaidi ya 400.

Na mchanga wa pwani ya ziwa letu, ulio laini na karibu na mitumbwi, uogope. Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka. Stanley alipofika mwaka 1876 aliona mdomo wa Lukuga umezibwa na tope na mafunjo. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizibo hicho, na ziwa likashuka kadiri ya mita 10. Likapanda tena miaka ya 1960, na mwaka 2021 na 2024 liliingia ndani ya nyumba za watu Kalemie. Kabla ya kuweka msingi, panda kutoka majini ukitazama chini. Ukikuta kokoto zilizoviringana na maganda ya konokono wa ziwa, ziwa limekwisha kufika hapo. Endelea kupanda mpaka usizione, uulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1964, kisha ndipo upime nyumba yako.