Rasi, Joho na Kichwa: Maana za Neno "Cape" katika Ufundishaji wa Msamiati Wilayani Rungwe

Makala haya yanafafanua jinsi maana mbili za neno la Kiingereza "cape", yaani ardhi iliyochomoza majini na vazi la mabegani, zinavyopokelewa katika Kiswahili, kwa kuzingatia mazingira ya Tukuyu na Wilaya ya Rungwe. Hoja inayotetewa ni kwamba hapa pana homonimu mbili, si neno moja lenye polisemia, na kwamba kuziweka chini ya kidahizo kimoja kunamnyima mwanafunzi wa bara njia nyepesi ya kuielewa istilahi rasi.

Maana ya kijiografia imetokana na neno la Kilatini caput, yaani kichwa. Kutokana na asili hiyohiyo Wareno walipata cabo, neno lililomo katika jina lao la Rasi ya Tumaini Jema, ambayo Bartolomeu Dias aliizunguka mwaka 1488. Maana ya vazi imetokana na cappa, neno la Kilatini cha baadaye lililotaja vazi lenye kofia. Baadhi ya wanaetimolojia huihusisha cappa na caput. Hata hivyo, uhusiano huo, hata ukikubaliwa, hauonekani tena kwa mzungumzaji wa leo.

Kiswahili kinaudhihirisha utengano huo. Maana ya kwanza ina kisawe kimoja thabiti, rasi, kutoka neno la Kiarabu ra's, lenye maana ya kichwa. Majina ya pwani yanalishuhudia: Ras Nungwi kisiwani Unguja, Ras Kigomasha kisiwani Pemba na Ras Kutani kusini mwa Dar es Salaam. Maana ya pili haina kisawe kamili. Joho hukaribia, lakini aghalabu huwa na mikono na hufika miguuni, ilhali vazi linalotajwa na Kiingereza halina mikono. Kitambaa anachofungwa shingoni mteja wa kinyozi hutajwa kwa jina hilohilo la Kiingereza, lakini hakiwezi kuitwa joho.

Wilaya ya Rungwe haina pwani. Hata ufuko wa Ziwa Nyasa ulio jirani uko Kyela. Mwanafunzi wa Tukuyu hukutana na rasi ramani­ni kabla ya kuiona kwa macho. Isitoshe, umbo la neno halimsaidii. Kiswahili kilikuwa tayari na neno la Kibantu kichwa, ambalo lenyewe limezaa matumizi ya kisitiari kama kichwa cha habari. Kwa hiyo rasi ilipokewa kama istilahi, bila maana yake ya msingi.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo analijua neno rasilimali. Husikia chai, ndizi na parachichi zikitajwa kuwa rasilimali za wilaya yake. Neno hilo ni la Kiarabu, ra's al-māl, yaani "kichwa cha mali", na neno la Kiingereza lenye maana ya mtaji limetokana vilevile na caput. Cheo cha Ras nchini Ethiopia kina maana hiyohiyo ya kichwa. Mwalimu anaweza basi kuanzia kwenye rasilimali, apitie kichwa, ndipo afike kwenye rasi. Joho lifundishwe kivyake, kwa mfano wa mahafali.

Kwa mtunga kamusi, matokeo yake ni bayana: vidahizo viwili, kila kimoja na etimolojia yake, na joho lioneshwe kuwa kisawe cha kukaribia tu.