Hekalu la Yasaka: Sikukuu Inayobebwa na Mitaa

Tukiuliza ni nani anayegharimia sikukuu ya dini, wengi watataja viongozi wa dini au serikali. Katika mji wa Kyoto, Japani, jibu ni mtaa.

Hekalu la Yasaka ni la dini ya Shinto. Kwa mapokeo lilianza mwaka 656. Zamani liliitwa Gion, na ibada zake zilichanganyika na za Kibudha, hadi mwaka 1868 serikali mpya ilipoamuru dini hizo zitenganishwe, nalo likapewa jina la sasa. Sikukuu yake bado inaitwa Gion.

Chanzo chake ni maradhi. Inasimuliwa kuwa mwaka 869, wakati wa tauni, watu walisimamisha mikuki mirefu 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi, wakaomba balaa liondoke. Leo sikukuu huchukua mwezi mzima wa Julai. Tarehe 17 hupita mikokoteni 23 iliyopambwa, na tarehe 24 mingine 11. Mikubwa kabisa hufikia tani 12 hivi, nayo huunganishwa kwa kamba bila misumari. Magurudumu hayapindi, kwenye kona watu hutandaza mianzi iliyopasuliwa, huimwagia maji, kisha huuvuta mkokoteni ubavuni hadi ugeuke.

Kila mkokoteni ni mali ya mtaa wake, si ya hekalu. Mwaka 1533 watawala walipozuia sikukuu, wenyeji waliomba waruhusiwe kupitisha mikokoteni hata kama ibada ya hekalu haitakuwapo. Wafanyabiashara wa mitaa hiyo walinunua mapambo hata kutoka Ulaya. Mkokoteni mmoja una kitambaa kilichofumwa karne ya 16, kikimwonyesha Rebeka akimnywesha maji mtumishi wa Abrahamu (Mwanzo 24)!

Hata hivyo, kazi si nyepesi. Moto wa mwaka 1864 uliteketeza mikokoteni kadhaa. Mmoja, wenye umbo la meli, ulirudi barabarani mwaka 2014, baada ya miaka 150. Mwaka 2020 na 2021 maandamano hayakufanyika kwa sababu ya korona, ingawa sikukuu yenyewe ilizaliwa na tauni. Siku hizi katikati ya mji kumejaa ofisi, na baadhi ya mitaa ina wakazi wachache mno. Hivyo wanafunzi na watu wengine wa kujitolea huja kuvuta kamba, na hirizi za majani zinazouzwa kwenye mikokoteni husaidia kulipia matengenezo. Mwaka 2022 mkokoteni wa Taka-yama, ulioharibiwa na dhoruba mwaka 1826, ulipita tena barabarani.