Mikono Yetu Tunapomzuru Mgonjwa

Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya ndugu yake, na katika misikiti yetu hapa Dodoma haki hiyo hutekelezwa kwa jamaa. Baada ya swala ya Ijumaa hutangazwa jina la mgonjwa na wodi aliyolazwa, kisha watu huongozana. Swali letu leo ni hili: katika safari hiyo ya kheri, mikono yetu hubeba nini?

Mwaka jana tulikwenda watu tisa kumjulia hali mzee wetu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Tulimpa mkono mmoja baada ya mwingine, watatu wakaketi kitandani pake, na mmoja wetu, kwa huruma tu, akainua bandeji apate kuona jeraha. Tukaomba dua, tukaondoka. Hakuna aliyenawa, si wakati wa kuingia wala wa kutoka. Siku chache baadaye mshono ulivimba na kutoa usaha, naye akabaki wodini majuma matatu zaidi. Hatuwezi kusema kwamba ni sisi tuliompelekea maradhi yale. Wala hatuwezi kusema kwamba si sisi. Shaka hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Kwa kawaida madaktari huhesabu ambukizo kuwa la hospitalini likijitokeza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Kwa wastani, mmoja kati ya kila kumi wanaoambukizwa hufariki. Nchini mwetu, utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wagonjwa 250 wa upasuaji mkubwa. 65 kati yao walipata maambukizi ya kidonda.

Ngozi ni ukuta aliotujaalia Mwenyezi Mungu. Kidonda, sindano ya dripu na mpira wa mkojo ni matundu katika ukuta huo. Vijidudu huyafikia kwa urahisi zaidi vikiwa mikononi: mikono ya mhudumu, ya ndugu, hata ya mgonjwa mwenyewe. Vingine vimekuwa sugu kwa dawa, na mgeni asiyenawa huweza kuvichukua hadi kwa watoto wake nyumbani.

Mtume (s.a.w.) alimkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima. Mfugaji wa Bahi au Chamwino hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Yeye hutenga ng'ombe mgonjwa kabla zizi zima halijaangamia. Itakuwaje basi tuwe waangalifu zaidi kwa mifugo kuliko kwa wazazi wetu?

Wapo wanaosema, "Tumeshatawadha." Wudhu ni tohara ya ibada, lakini kutoka msikitini hadi wodini tumeshika noti za nauli, vyuma vya daladala na simu. Wengine huogopa kitakasa mikono kwa kuwa kina alkoholi. Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwezi Januari 2002, lilijuzisha alkoholi kutumiwa nje ya mwili kwa kusafisha majeraha na kuua vijidudu. Basi kisituzuie.

Kamati yetu imekubaliana yafuatayo. Tutaingia wawili wawili, na wengine waombe dua nje. Tutanawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, au kutumia kitakasa, tunapoingia na tunapotoka. Salamu ya ulimi inatosha. Hatutaketi kitandani, wala kugusa bandeji au dripu. Mwenye mafua, kuhara au jipu atabaki nyumbani, na nia yake njema Mwenyezi Mungu anaijua. Akina mama wanaopeleka uji na chakula wanawe kabla ya kumlisha mgonjwa. Na iwapo mhudumu amesahau kunawa, tumkumbushe kwa adabu, kwani naye ni binadamu mwenye wagonjwa wengi.

Mzee wetu alipona, Alhamdulillah. Juma lililopita aliongozana nasi kumzuru mgonjwa mwingine, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda bombani.