Joto limezidi: jitengenezee sharubati salama nyumbani

Kuanzia Januari hadi Machi, jua huwa kali katika sehemu nyingi za nchi yetu, na kule Pwani joto la kaskazi humtoa mtu jasho hata akiwa ameketi kivulini. Wakati huu mwili hupoteza maji mengi. Wengi wetu hukata kiu kwa soda, au kwa bilauri ya maji ya matunda kando ya barabara bila kuuliza yametengenezwa kwa maji gani.

Msomaji, unaweza kujitengenezea kinywaji bora zaidi jikoni mwako. Lakini kumbuka jambo hili: mara nyingi si tunda linaloleta maradhi, bali ni maji, barafu, mikono na kisu.

Maji na barafu

Wako wanaodhani kwamba baridi huua viini. Si kweli. Barafu ya maji machafu ni maji machafu yaliyoganda, nayo ikiyeyuka viini huamka. Mlipuko wa kipindupindu uliozuka nchini Oktoba 2022 ulitukumbusha kwamba ugonjwa huu bado uko nasi, mijini na mashambani.

Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, au dakika tatu ukiishi nyanda za juu sana. Yafunike yapoe, kisha uyatumie kwa sharubati na pia kwa barafu. Nawa mikono kwa sabuni, na uoshe tunda kabla ya kulimenya au kulikata. Usipofanya hivyo, kisu huchukua uchafu wa ganda na kuuingiza ndani.

Sharubati tatu rahisi

Kila moja inatosha watu wawili.

1. Embe na maziwa lala: embe moja kubwa lililoiva, kikombe kimoja cha maziwa lala na nusu kikombe cha maji.

2. Papai na pasheni: vikombe viwili vya vipande vya papai, pasheni mbili na kikombe kimoja cha maji. Chuja mbegu za pasheni ukipenda.

3. Tikitimaji na ndimu: vikombe vitatu vya vipande visivyo na mbegu, na maji ya nusu ndimu. Hii haihitaji maji mengine.

Saga kwa mashine. Kama huna, ponda tunda lililoiva kwa uma au mwiko mpaka lilainike, kisha ukoroge. Usichuje nyama ya tunda na kuitupa, kwani humo ndimo mna nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo.

Sukari je?

Tunda lililoiva lina utamu wake. Chupa ya soda ya mililita 300 huweza kuwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba au zaidi vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba ni vyema mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 kwa siku. Hata sharubati isiyotiwa sukari isinywewe kama maji: bilauri moja ndogo kwa siku yatosha, na kiu nyingine ikatwe kwa maji safi. Mwenye kisukari apate kwanza ushauri wa daktari wake. Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake.

Vitafunio

Badala ya chipsi na biskuti, weka mezani viazi vitamu au mahindi ya kuchemsha, yai la kuchemsha, vipande vya karoti na matango, au konzi ya njugu karanga za kukaanga. Karanga zenye kuvu zitupwe, kwa maana sumu yake haiishi kwa kukaangwa. Watoto wadogo wasipewe karanga nzima, zisije zikawapalia.

Usilaze

Tengeneza kiasi kitakachonywewa mara hiyo. Sharubati au matunda yaliyokatwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita digrii 32, yasizidi saa moja.

Mwisho, sharubati si dawa ya kuhara. Mtoto anayehara akipewa kinywaji chenye sukari nyingi anaweza kuzidiwa. Mpe maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoagiza, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na umpeleke zahanati. Ukiona macho yamedidimia, amelegea, au hawezi kunywa, usingoje kupambazuke.