Demokrasia: Wengi wapewe, lakini wachache waende wapi?

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema, wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Hiyo ndiyo maana ya demokrasia inayofahamika zaidi kwa watu: kura hupigwa, huhesabiwa, na upande wenye kura nyingi hukabidhiwa madaraka.

Maana hiyo ni ya kweli, lakini historia ya siasa za Tanzania inaonyesha kuwa haitoshelezi.

Mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa siasa. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 walitaka vyama vingi.

Lau ingekuwa ni kuhesabu vichwa tu, mjadala ungeishia hapo. Hata hivyo, Tume ilipendekeza vyama vingi. Katiba ikarekebishwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika Oktoba 1995.

Uamuzi huo una mantiki. Katika vyama vingi, wale asilimia 80 wangebaki na chama chao bila kupoteza chochote. Katika chama kimoja, asilimia 20 wasingekuwa na pa kwenda.

Hapo ndipo nguvu ya demokrasia ilipo. Humpa raia nafasi ya kumwondoa kiongozi bila kumwaga damu, na humruhusu aliyeshindwa leo kujaribu tena kesho.

Lakini udhaifu wake nao upo, na mfano ulio wazi zaidi ni suala la mgombea binafsi.

Mwaka 1993, Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu mjini Dodoma, akipinga sharti la kila mgombea kudhaminiwa na chama cha siasa. Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kuwa raia ana haki ya kugombea bila chama.

Muda mfupi baadaye, Bunge lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyoufunga mlango huo. Ikumbukwe kuwa Bunge hilo lilichaguliwa mwaka 1990, chini ya mfumo wa chama kimoja.

Mchungaji Mtikila hakukata tamaa. Alirudi mahakamani mwaka 2005, na Mei 2006 Mahakama Kuu ikampa tena ushindi. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani likaamua kuwa suala hilo ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge.

Kwa maneno mengine, mlalamikaji alirudishwa kwa wale wale aliowalalamikia, ambao karibu wote waliingia bungeni kwa tiketi za vyama.

Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kuwa Tanzania ilikiuka haki za raia kwa sharti hilo. Mchungaji Mtikila alifariki dunia Oktoba 2015 bila kuona sheria ikibadilika. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilimruhusu mgombea huru, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa.

Novemba 2019, Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo ya Arusha. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025, uliogubikwa na ghasia na vifo, wagombea wote walipitia vyama.

Suala hili si la wanasiasa pekee. Mkulima anayeheshimika kijijini kwake, lakini hana kadi ya chama, anaweza kupiga kura ila hawezi kupigiwa.

Funzo lake ni kwamba wingi wa kura huamua nani aongoze, lakini haupaswi kuamua nani ana haki ya kuwania uongozi. Haki hiyo ikiachwa mikononi mwa walioshinda, watailinda nafasi yao kwanza.

Tume ya Nyalali ililitambua hilo. Swali lililobaki ni iwapo wanaotunga sheria leo wako tayari kuwapa wachache nafasi ile ile ambayo vyama vyao vilipewa mwaka 1992.